Fangasi wa kinena wanaorudi kila dawa ikiisha: tatizo ni dawa au ni matumizi?

Mwalimu_Chamwino ameuliza:

Ndugu zangu, habari za wakati huu. Naomba ushauri wa wenye ujuzi wa magonjwa ya ngozi, na pia wa yeyote aliyewahi kupona tatizo la namna hii.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na ninaishi Chamwino pamoja na familia yangu. Tangu kiangazi cha mwaka jana nasumbuliwa na fangasi kwenye kinena. Walianza kama kiduara kidogo upande wa ndani wa paja, chenye ukingo ulioinuka na magamba membamba, kikiwasha zaidi usiku na pale jasho linapoanza kutoka. Hivi sasa mabaka yamepanda hadi kiunoni, hasa pale mpira wa nguo ya ndani unapokaa, na mengine yameshuka hadi kwenye makalio.

Dawa ninayotumia ni krimu ya tyubu ndogo kutoka duka la dawa la hapa mtaani, ambayo muuzaji alinieleza kuwa ni ya mchanganyiko na kwamba inatibu fangasi, bakteria na mzio kwa pamoja. Nikiipaka, muwasho hukoma haraka na baka hufifia, lakini nikiacha tu, muwasho unarudi kwa nguvu na eneo linakuwa pana kuliko lilivyokuwa. Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni kwamba ule ukingo uliokuwa ukionekana wazi sasa umepotea, na ngozi ya paja imekuwa nyembamba, yenye michirizi ambayo haikuwepo. Nimekwisha kumeza pia kidonge kimoja cha flukonazoli, ambacho niliambiwa kinatosha, na sikuona nafuu yoyote.

Mke wangu, ambaye ananyonyesha, ameanza kuwashwa chini ya matiti, na mtoto wetu wa darasa la pili ana mabaka kichwani ambayo nywele zake zimekatika. Je, fangasi hawa wamekuwa sugu? Je, kuna kipimo cha kuhakikisha, au ninunue tu dawa ya kumeza yenye nguvu zaidi?

Kijana_Majengo amejibu:

Pole sana, Mwalimu. Hizo krimu ni kupoteza fedha. Ponda kitunguu saumu, kifunge hapo kwa kitambaa usiku kucha, na ukiona hawasikii, tafuta maji ya betri kidogo upake kwa pamba. Huku mtaani watu wengi wamepona kwa njia hiyo.

Mfamasia_Kati amejibu:

Naomba kwanza nimwombe Mwalimu asijaribu ushauri uliotangulia. Maji ya betri ni tindikali ya salfa, na kwenye ngozi ya kinena, ambayo ni laini na sasa imekwisha kuwa nyembamba, yataacha kidonda cha moto. Kitunguu saumu kibichi kikifungwa kwa saa nyingi nacho huunguza hadi kutoa malengelenge. Anayesema watu walipona kwa njia hizo huwa hahesabu walioishia kwenye chumba cha kufungia vidonda.

Sasa nirudi kwenye swali lenyewe. Mwalimu, kabla hujafikiria usugu, chukua hiyo tyubu usome maandishi madogo yanayotaja viambato. Ukikuta neno clobetasol, betamethasone, beclometasone au dexamethasone, basi umepata maelezo ya karibu kila ulichokieleza. Hizo ni dawa za jamii ya steroidi. Kazi yake ni kutuliza mwitikio wa kinga ya mwili kwenye ngozi, na ndiyo maana muwasho hukoma upesi na baka hufifia. Lakini mwitikio huo huo ndio unaowazuia fangasi wasienee. Dawa ya fangasi iliyomo kwenye mchanganyiko huo, ambayo mara nyingi ni klotrimazoli au ketokonazoli, inakuwa inafanya kazi mahali ambapo ulinzi wa mwili umeondolewa, na mgonjwa mwenyewe huacha kupaka mara tu muwasho unapokwisha, wakati fangasi bado wapo. Ule ukingo uliopotea si dalili ya kupona. Steroidi hufuta sura ya kawaida ya ugonjwa kiasi kwamba hata mhudumu wa afya mzoefu anaweza kuutazama asiutambue. Ngozi kuwa nyembamba na kupata michirizi pia ni kazi ya steroidi, na michirizi hiyo, kwa bahati mbaya, huwa haiondoki kabisa.

Nieleze na hili kwa kuwa linahusiana, ingawa Mwalimu hakuliuliza. Klobetasoli ndiyo hiyo hiyo inayokutwa kwenye mikorogo ya kung'arisha ngozi, na vipodozi vyenye steroidi vimepigwa marufuku nchini. Inashangaza kwamba mtu anayeogopa mkorogo usoni anakubali kupaka dawa ile ile kinenani miezi mingi bila hata kuandikiwa na daktari.

Ushauri wangu ni kwamba uache mchanganyiko huo na utumie krimu yenye dawa ya fangasi peke yake. Klotrimazoli ya asilimia 1 hupakwa mara mbili kwa siku kwa wiki mbili hadi nne, na terbinafini ya asilimia 1 hupakwa kwa wiki moja hadi mbili. Utakapoacha steroidi, tarajia muwasho kuongezeka kwa siku kadhaa, na mabaka yanaweza kuonekana mekundu au meusi zaidi kuliko sasa; usitafsiri kwamba dawa mpya imekukataa ukarudi kwenye ile ya zamani, maana hapo ndipo wengi wanapokwama. Kidonge cha setirizini, yaani dawa ya mzio inayopunguza muwasho, usiku kinaweza kukusaidia kuvuka kipindi hicho. Osha eneo, likaushe vizuri kwa taulo yako peke yako, kisha paka ukianzia kwenye ngozi nzima, kiasi cha sentimita mbili nje ya baka, ukielekea ndani. Baka likionekana limekwisha, endelea kupaka kwa wiki moja au mbili zaidi.

Kuna jambo moja ambalo sisi tulio nyuma ya kaunta tunaliona kila siku na halisemwi vya kutosha, nalo ni kiasi cha dawa. Kamua krimu kwenye kidole cha shahada kuanzia ncha hadi kiungo cha kwanza. Hicho ni karibu nusu gramu, na kinatosha kupaka eneo la ukubwa wa viganja viwili vya mtu mzima, pamoja na vidole vyake. Kwa maelezo yako ya kinena pande zote, kiuno na makalio, eneo lako pengine linafika viganja vinane, maana yake unahitaji gramu mbili kwa kila mpako na gramu nne kwa siku. Tyubu ya gramu 15 haifiki hata siku nne. Mtu anayenunua tyubu moja kwa mwezi anajipaka harufu ya dawa tu, halafu analalamika kwamba fangasi wake ni sugu.

Kuhusu kile kidonge kimoja cha flukonazoli cha miligramu 150, hicho ni kipimo cha fangasi wa ukeni wanaosababishwa na kandida, ambayo ni jamii tofauti na fangasi wa duara. Kwa fangasi wa ngozi wa aina ya duara, flukonazoli hutolewa mara moja kwa wiki kwa wiki kadhaa, na ni lazima mtoa dawa ajue dawa nyingine unazotumia, kwa sababu hugombana na nyingi, zikiwemo vidonge vya kisukari vya glibenklamidi na dawa ya kuzuia damu kuganda ya warfarini.

Mfugaji_Kongwa amejibu:

Mwalimu, pole na majukumu. Mimi si mtu wa hospitali, ila nauliza kama nyumbani mna ndama au mbuzi. Huku kwetu ndama hupata mabaka ya mviringo, makavu, yenye ukoko wa kijivu, hasa kuzunguka macho na shingoni, na vijana wanaowashika wakati wa kukamua huambukizwa mikononi na hata usoni. Bwana mifugo alituambia kwamba ni fangasi wale wale wa jamii moja, ila aina inayotoka kwa ng'ombe huleta uvimbe mkali zaidi kwa binadamu. Kama mtoto wako anacheza na ndama, jambo hilo liangaliwe, vinginevyo mtatibu watu na kuacha chanzo zizini.

Tabibu_Ngozi amejibu:

Nawashukuru waliotangulia, hasa mfamasia, ambaye maelezo yake kuhusu steroidi nayaunga mkono yote. Ninatofautiana naye katika jambo moja, nalo ni mpangilio. Kwa tatizo lililodumu muda mrefu kiasi hiki na lililokwisha kufunikwa na steroidi, singependa Mwalimu aanze dawa nyingine, iwe ya kupaka au ya kumeza, kabla ya kupimwa.

Kipimo chenyewe hakihitaji mashine ya gharama kubwa. Mhudumu hukwangua magamba kwa ncha butu ya kisu kidogo kwenye ukingo wa baka, mahali ambapo fangasi wako hai, si katikati ambako mara nyingi pameanza kupona. Magamba huwekwa kwenye kioo, hudondoshewa myeyusho wa haidroksaidi ya potasiamu wa asilimia 10 hadi 20 ili kuyeyusha seli za ngozi, kisha hutazamwa kwa darubini, ambapo fangasi huonekana kama nyuzi zenye matawi. Majibu yanaweza kupatikana siku hiyo hiyo. Anzia kituo chako cha afya na uulize kama maabara yao inafanya kipimo hicho. Kama haifanyi, omba barua ya rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Dodoma, ile wenyeji tunayoiita General, au Hospitali ya Benjamin Mkapa. Uliza pia kama kuna mtumishi aliyesomea ngozi, kwa sababu tangu mwaka 1992 kituo cha mafunzo ya ngozi kilichopo kwenye hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha maofisa tabibu fani hii, na wengi wao wanafanya kazi mikoani.

Sababu ya kusisitiza kipimo ni kwamba si kila baka ni fangasi. Pumu ya ngozi na soriasisi, ugonjwa wa magamba usioambukiza, huweza kufanana nao sana. Kwa kanda yetu naongeza ukoma, ambao watu hudhani uliisha zamani. Baka la ukoma kwa kawaida haliwashi. Huwa limepauka au lina wekundu wa shaba, na ukiligusa kwa kipande kidogo cha pamba ukiwa umefumba macho, husikii, au unasikia kwa shida kuliko ngozi ya jirani. Mwalimu ameeleza muwasho mkali, hivyo sidhani kama ndiyo hali yake, lakini yeyote anayesoma hapa mwenye baka lenye ganzi asipake chochote, aende kituoni, maana dawa za ukoma hutolewa bure na zikiwahi huzuia ulemavu.

Mtoto anahitaji uangalizi wa peke yake. Nywele zinazokatika na kuacha mabaka kichwani kwa mtoto wa umri wa shule kwa kawaida ni mapunye, na mapunye hayaponi kwa krimu, kwa kuwa fangasi wamejichimbia ndani ya unywele na mzizi wake. Dawa ya kumeza ndiyo tiba. Griseofulvini hutolewa kulingana na uzito wa mtoto kwa wiki sita hadi nane, na hufyonzwa vizuri ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta, kwa hiyo uji wa karanga au glasi ya maziwa yasiyoondolewa mafuta ni sehemu ya tiba. Terbinafini nayo hutumika, na kwa baadhi ya aina za fangasi, kama ile ya Trichophyton violaceum inayoonekana sana Afrika Mashariki, hufanya kazi vizuri kwa muda mfupi zaidi. Ikitokea kichwa kikavimba, kikawa laini na kutoa usaha, msikubali kipasuliwe kama jipu. Mara nyingi ni mapunye yenye mwitikio mkali, na kisu huacha kovu lisiloota nywele. Shampuu ya ketokonazoli kwa familia nzima mara mbili kwa wiki hupunguza vimelea vinavyosambazwa, na mashine ya kunyolea isihamishwe kutoka kichwa hadi kichwa bila kusafishwa. Mtoto akishaanza dawa hana sababu ya kuzuiwa shule, na hili Mwalimu atanisaidia kulisema kwa wenzake.

Kwa mama anayenyonyesha, muwasho wa chini ya matiti unaweza kuwa fangasi wa duara aliowapata kwako, au unaweza kuwa kandida, ambayo hupenda mikunjo yenye unyevu na mara nyingi huwa na vipele vidogo vidogo pembezoni mwa baka kuu. Klotrimazoli ya kupaka inatibu vyote viwili na inafaa kwake, ila aifute na kuosha ikiwa imefika karibu na chuchu kabla ya kumnyonyesha mtoto. Asimeze griseofulvini ya mtoto wala vidonge vyako.

Nije kwako sasa. Eneo likiwa kubwa, au steroidi ikiwa imetumika muda mrefu, mara nyingi krimu peke yake haitoshi. Kipimo kikithibitisha fangasi, kawaida tunatoa terbinafini miligramu 250 mara moja kwa siku kwa wiki mbili hadi nne, baada ya kuuliza kuhusu ini, figo na pombe. Itrakonazoli ni chaguo jingine, ila vidonge vyake humezwa baada ya chakula, havimezwi pamoja na dawa za kupunguza tindikali tumboni, na mwenye moyo ulioshindwa kufanya kazi haimfai. Usikubali kuuziwa ketokonazoli ya kumeza. Tangu mwaka 2013 mamlaka za dawa za Ulaya na Marekani zimeionya vikali kwa sababu ya madhara kwa ini, na kwa fangasi wa ngozi hakuna haja ya kujiingiza huko. Ningeomba pia upimwe sukari na VVU, kwa sababu fangasi wanaoenea mwilini wakati mwingine ndio hutangulia kutoa taarifa ya magonjwa hayo.

Kuhusu usugu uliouulizia, upo. Aina iliyopewa jina la Trichophyton indotineae mwaka 2020, ambayo ilienea sana India na baadaye kuripotiwa katika mabara mengine, mara nyingi haisikii terbinafini kwa sababu ya badiliko la kijeni katika kimeng'enya ambacho dawa hiyo hukilenga. Lakini hilo linafikiriwa baada ya mgonjwa kumeza dawa sahihi, kwa kipimo sahihi, kwa muda kamili, bila steroidi, na familia yake ikiwa imetibiwa kwa pamoja. Wewe bado hujafika hapo.

Mwalimu_Chamwino amejibu:

Nawashukuru nyote kwa moyo wa dhati. Nimesoma tyubu na imeandikwa clobetasol pamoja na ketokonazoli na neomisini. Ng'ombe hatuna. Naomba ufafanuzi wa mambo mawili ya mwisho. Kwanza, maji kwetu ni ya mgao na ya kisima yana chumvi kiasi kwamba sabuni haitoi povu, hivyo kuchemsha nguo zote kila siku haiwezekani. Pili, je, niendelee kupaka chochote hadi siku ya kupimwa?

Mfamasia_Kati amejibu:

Namkubalia tabibu kuhusu kupima kwanza, mradi kipimo kipatikane karibuni.

Kuhusu nguo, huna haja ya kuchemsha kila kitu. Maji machache uliyo nayo yaelekeze kwenye nguo za ndani, taulo, soksi na mashuka, na zile zinazovumilia moto zifuliwe kwa maji ya kiasi cha nyuzi 60 au zaidi. Zisuuze vizuri, kwa sababu maji ya chumvi huacha mabaki ya sabuni yanayokereketa ngozi iliyokwisha kuumia. Anika juani zikiwa zimegeuzwa ndani nje, na jua hapa kwetu tunalo la kutosha, kisha piga pasi ya moto kwenye mishono na kwenye mpira wa kiuno. Suruali za kitambaa kizito cha polyester ziweke pembeni kwa sasa uvae za pamba zisizobana.

Halafu vua viatu utazame katikati ya vidole vya miguu. Walimu mnashinda na viatu vya kufunika siku nzima, na fangasi wa miguuni hupanda kinenani wakati wa kuvaa nguo ya ndani. Kama kuna ngozi nyeupe iliyolowana au kucha zilizonenepa na kubadilika rangi, mwonyeshe tabibu, kwa sababu kucha zikiwa na fangasi muda wa dawa hubadilika: kwa terbinafini ni wiki sita kwa kucha za mikono na 12 kwa za miguu. Wakati wa tiba, vaa soksi kwanza, ndipo nguo ya ndani.

Tabibu_Ngozi amejibu:

Kwa swali la pili, usipake dawa ya fangasi wala ile ya mchanganyiko kwa siku kadhaa kabla ya kukwanguliwa, na ikiwezekana iwe wiki nzima, kwa sababu dawa iliyobaki juu ya ngozi inaweza kufanya fangasi wasionekane kwenye darubini ilhali wapo. Muwasho ukizidi, weka kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi, ukaushe eneo vizuri baada ya hapo, na setirizini unaweza kumeza. Siku ya kipimo oga kawaida, usijipake mafuta wala poda, na uende na tyubu yako pamoja na mtoto na mama yake. Majibu yakisema hakuna fangasi lakini baka bado lina magamba, omba kipimo kirudiwe kutoka kwenye baka jingine kabla hamjabadilisha mawazo kuhusu ugonjwa.